Farasi wa Jarir na Punda wa Mbingu

Ndugu msomaji, ukitoka Ifakara kwa barabara iendayo Mlimba, milima ya Udzungwa ikiwa kuumeni kwako na tambarare ya mto Kilombero ikiwa kushotoni, utafika katika kijiji kiitwacho Mbingu. Jina hilo limewafurahisha wengi. Mimi nilipotumwa huko mara ya kwanza, mwenzangu mmoja alinitania kwamba nimeingia Mbinguni kabla ya hesabu. Lakini hesabu iko huko kama ilivyo penginepo, na ninalotaka kuzungumza nawe leo ni hesabu ya aina moja tu: ile iliyo baina ya anayeuza mnyama na anayemnunua.

Jioni moja, baada ya sala ya Magharibi, nilikuwa nikisomesha darasa fupi juu ya uaminifu katika biashara, nikasimulia habari ya Jarir bin Abdullah r.a., mmoja wa masahaba wa Mtume Mtukufu s.a.w. Mtumishi wake alikwenda kumnunulia farasi, akapatana na mwenyewe kwa dirhamu 300, kisha akaja naye nyumbani ili alipwe. Jarir alipomtazama yule farasi alimwambia mwuzaji kwamba mnyama wake anastahili zaidi ya 300. Je, angependa kumwuza kwa 400? Yule akajibu kuwa shauri ni lake Jarir. Basi Jarir akaendelea kumpandishia bei yeye mwenyewe, mia kwa mia, mpaka akamnunua kwa dirhamu 800. Alipoulizwa sababu, alieleza kwamba aliposilimu alimpa Mtume s.a.w. ahadi ya kumtakia mema kila Mwislamu. Imamu Nawawi, aliyefariki mwaka 1277, ameitaja habari hii katika ufafanuzi wake wa Sahihi Muslim.

Wasikilizaji walitikisa vichwa kwa furaha, kama watu watikisavyo vichwa wasikiapo wema wa watu wa zamani. Ndipo kijana mmoja aliyekaa mwisho wa jamvi, ambaye bado anaichunguza dini yetu wala hajaamua, akainua mkono.

“Sheikh,” akasema, “huku kwetu farasi hawapo, ila punda wapo. Siku ile baba aliponunua punda kwa yule mfugaji, nawe ulikuwepo, na mimi nilikuwepo, mtoto mdogo. Mbona siku ile hukutusimulia habari ya Jarir?”

Nimesomea dini katika chuo cha ng'ambo kwa miaka mingi. Nimejibu maswali juu ya Utatu na juu ya ndoa ya wake wengi, nimekaa na wasomi wenye vitabu vingi kuliko vyangu. Swali la kijana huyu lilinikuta sina jibu, nikafunga darasa mapema. Makala haya ni jibu nililomwia tangu siku ile.

Ni kweli asemavyo kwamba farasi si mnyama wa bonde la Kilombero. Mbung'o huchukua vijidudu vya ugonjwa wa nagana, ambavyo David Bruce, daktari wa jeshi la Uingereza, alivitambua katika nchi ya Wazulu katika miaka ya 1890, na farasi ni dhaifu mno mbele ya ugonjwa huo. Tena bara hili lina maradhi mengine ya kumtosha. Mwaka 1871 Stanley alipotoka Bagamoyo kwenda kumtafuta Livingstone alikuwa na farasi wawili, mmoja wao zawadi ya Seyyid Barghash, Sultani wa Unguja. Wote wawili walikufa safari ikiwa changa bado, mahali paitwapo Kingaru. Yasimuliwa kwamba mkuu wa kijiji hicho alidai faini kwa kuwa mzoga wa farasi umezikwa katika ardhi yake bila idhini, na Stanley akajibu kwamba yu tayari kumfukua na kumwacha pale pale juu ya ardhi. Dai likaisha hapo hapo. Mwenye askari wengi mara nyingi hushinda hoja, na hilo si jambo la farasi peke yake.

Wenyeji wa bonde, Wandamba, Wabena, Wapogoro na Wambunga, ni watu wa mpunga na samaki. Punda waliongezeka walipokuja wafugaji, Wasukuma, Wamasai na Wabarabaigi, ambao waliingia na ng'ombe wao kwa wingi tangu miaka ya 1980 na 1990. Mwishoni mwa mwaka 2012 serikali iliendesha oparesheni ya kuiondoa mifugo bondeni, kwa kuwa bonde hili ni ardhi oevu, na tangu mwaka 2002 limo katika orodha ya Ramsar ya ardhi oevu zenye umuhimu wa kimataifa. Tena ni makao makubwa ya mnyama aitwaye sheshe. Sitaki kuhukumu amri ile hapa. Nataka tu ujue, msomaji, ilikuwa siku ya namna gani.

Mzee wetu, baba wa kijana yule, alikuwa ameingia katika Islam miaka miwili kabla ya hapo. Ni mkulima wa mpunga, mtu mpole, asiyekosa sala. Alihitaji punda wa kubebea magunia kutoka shambani mpaka barabarani, na alikwisha uliza bei Ifakara. Asubuhi hiyo likapita kundi la ng'ombe na vumbi lake, na nyuma kabisa alikuwapo kijana mfugaji peke yake akimvuta punda jike ambaye hakutaka kwenda. Baba yake alikuwa ametangulia na ng'ombe. Mzee akamsimamisha, akamsalimu, akamwuliza kama anauza.

Kijana akasema, “Mzee, mtanipa ngapi?”

Katika maneno hayo matatu mwenye masikio husikia kila kitu. Auzaye hutaja bei. Yeye alituuliza sisi. Hakujua bei ya Ifakara, na hata kama angaliijua, ng'ombe wa baba yake walikuwa wakizidi kwenda mbali.

Mzee akamfunua punda kinywa, akayatazama meno, akatikisa kichwa kwa huzuni. “Huyu amezeeka,” akasema. “Atakufia njiani. Nionee huruma nami nikuonee huruma.” Kisha akataja bei ambayo haikufika nusu ya ile aliyoambiwa Ifakara.

Sasa sikiliza aibu yangu. Huko Punjab nilikosoma, magari ya farasi yalikuwa bado yakipita barabarani, na jirani mmoja wa chuo aliyekuwa na farasi alinifundisha kuyasoma meno yao. Meno ya mbele ya utoto hubadilika jozi kwa jozi: ya katikati akiwa na miaka miwili na nusu, yafuatayo mitatu na nusu, ya pembeni minne na nusu. Akitimiza mitano kinywa chake kimekamilika. Na punda hapishani sana na farasi katika hilo. Yule punda wa Mbingu, meno yake ya pembeni ndiyo kwanza yalikuwa yakitokeza. Alikuwa kijana kabisa, mwenye miaka mingi ya kazi mbele yake. Mimi niliyaona.

Na kijana mfugaji, alipoiona kanzu yangu na kofia yangu, aligeuka kwangu. “Eti Sheikh,” akaniuliza, “amezeeka kweli?”

Nikamjibu, “Patana na mzee, mwanangu.”

Alichukua fedha akakimbia kuwafuata ng'ombe. Mzee akamshukuru Mungu kwa riziki, nami nikaitika amina.

Msomaji mpenzi, usidhani kwamba kupatana bei ni dhambi. Mtume Mtukufu s.a.w. mwenyewe alipatana na Jabir bin Abdullah r.a. juu ya ngamia wake aliyechoka njiani, wakakubaliana kwa wakia moja. Kisha walipofika Madina alimpa Jabir bei yake kamili, akamrudishia na ngamia wake pia. Mnunuzi kutaja bei ya chini na mwuzaji kutaja ya juu ni desturi ya soko, na wote wawili huijua, kama wachezaji wajuavyo sheria za mchezo. Mzee angalisema, “Sina fedha zaidi ya hizi,” na ikawa kweli, nisingalikuwa na neno. Lakini alisema punda amezeeka, hali yu kijana. Na mimi niliyeulizwa niliufanya uongo wake kuwa ushahidi.

Mtu akitaka kusoma juu ya hila za wauzaji wanyama atapata mengi. Wapo waliowafunga ngamia na mbuzi viwele kwa siku kadhaa bila kuwakama ili waonekane wa maziwa mengi, Mtume s.a.w. alilikataza hilo, akampa mnunuzi siku tatu za kumrudisha mnyama. Wafanya biashara wa farasi huko Ulaya waliwachimba farasi wazee meno na kuyachoma ili yafanane na ya farasi vijana, na wengine waliwatia tangawizi mahali pa siri ili wainue mikia kwa ukali wake. Warumi wa kale walikuwa na mahakimu wa soko ambao amri yao ilimlazimisha auzaye mnyama kutangaza maradhi na kasoro zake. Yote hayo ni kumlinda mnunuzi. Sheria nyingi zilizotoka Uingereza nazo zimezoea kumwambia mnunuzi ajihadhari. Ni nani amwambiaye mwuzaji ajihadhari? Sisi tumezoea kudhani kwamba mwenye mali ndiye ajuaye, na mwenye fedha ndiye adanganywaye. Mara nyingi ni hivyo. Siku ile ya Mbingu ilikuwa kinyume chake.

Sheria ya Islam haikulisahau hilo. Katika zama za Mtume s.a.w. walikuwapo watu wa mjini waliotoka kwenda kuwalaki wasafiri wenye bidhaa njiani, kabla hawajafika sokoni na kujua bei, wakanunua kwao kwa bei ya kutojua. Mtume s.a.w. alikataza jambo hilo. Na mwenye bidhaa afikapo sokoni akaiona bei ilivyo, anayo hiari ya kuuvunja mpatano. Mimi niliisomesha hadithi hii miaka mingi nikiwafikiria Waarabu na misafara yao ya ngamia. Sikuwahi kuifikiria barabara ya Mlimba na kijana aliyeachwa nyuma na ng'ombe.

Nilipomwendea mzee baada ya darasa lile, tukakaa chini ya mwembe wake, alinipa hoja ambayo si ya kupuuzwa. Alisema, “Sheikh, Jarir aliahidi kuwatakia mema Waislamu. Yule kijana hakuwa Mwislamu.”

Nilifurahi kwamba alikuwa ameifikiri. Nikamwambia afungue sura ya 83 ya Kurani Tukufu, ile iwakemeayo wapunjao vipimo. Humo Mwenyezi Mungu anawaeleza wale ambao wapokeapo kwa watu hutaka kipimo kitimie, na wawapimiapo wengine hupunguza. Neno lililotumika ni watu. Haikusemwa Waislamu, wala jirani, wala kabila. Na Mtume s.a.w. alipofariki, deraya yake ilikuwa rehani kwa Myahudi mmoja aliyemkopesha shayiri. Kiongozi wa Madina nzima aliweka rehani vazi lake la vita kwa mtu wa dini nyingine ili apate chakula cha nyumbani, na hakutumia cheo chake kuichukua shayiri ile kwa bei aitakayo.

Mzee akanyamaza. Kisha mimi nikakosea tena kidogo, maana nilitaka kumshinda, nikamkumbusha lumbesa. Wewe msomaji wa vijijini huhitaji kuelezwa, lakini kwa wale wa mjini: lumbesa ni gunia lililojazwa kupita mdomo wake, likashonewa kilemba juu, nalo likahesabiwa kuwa gunia moja. Kila mavuno wanunuzi wa mpunga huja na magunia ya namna hiyo, au huja mapema mpunga ungali shambani, wakati mkulima hana hata fedha ya dawa ya mtoto, wakaununua kwa bei ya njaa. Serikali imeikataza lumbesa, na bado ipo. Mzee wetu huilalamikia kila mwaka kwa haki kabisa. Neno lile la Kiarabu la kupunja latokana na maana ya kitu kidogo, kipunguzwacho kidogo kidogo. Nikamwambia, “Mzee, kile kilemba cha juu ya gunia lako wamekichukua wao, wewe umekichukua kwa punda.”

Machozi yalimlenga, nami nikajuta kwa jinsi nilivyolisema. Neno lilikuwa kweli, ila mimi sikuwa mtu wa kulisema kwa ukali, niliyejibu “Patana na mzee”.

Nimejiuliza tangu hapo kama tunadai mno. Je, biashara itakuwapo kweli ikiwa kila ajuaye lazima amwambie asiyejua? Swali hili ni la kale kuliko Islam. Cicero, msemaji mkubwa wa Roma, katika kitabu chake juu ya wajibu alichokiandika mwaka 44 kabla ya kuzaliwa Nabii Isa a.s., ameuleta mfano huu. Kisiwa cha Rhodes kimeshikwa na njaa. Mfanya biashara mwema afika na shehena ya nafaka kutoka Aleksandria, naye ameona njiani merikebu nyingine nyingi zenye nafaka zikija nyuma yake. Awaambie wenye njaa, ili bei ishuke? Au anyamaze auze kwa bei ya juu? Anasema wanafalsafa wawili walihitilafiana: Diogenes wa Babeli aliona kwamba inamtosha mwuzaji kutangaza kasoro ambazo sheria yataka zitangazwe na kutodanganya, mengine si juu yake, Antipater, mwanafunzi wake, aliona kwamba wanadamu ni wa jamaa moja, na lenye manufaa kwa wote halifichwi. Cicero mwenyewe yu upande wa mwanafunzi.

Mimi, nikisema ukweli wangu, namwona Diogenes ana hoja yenye uzito. Mtu aliyesafiri baharini, akahatarisha mali yake, akajifunza kwa taabu yale wasiyoyajua wengine, anastahili faida ya taabu yake. Mkulima ajuaye udongo mzuri hana haja ya kuwatangazia wote kabla hajaununua. Lakini Diogenes naye hakuruhusu kusema uongo. Tena mfano wao una watu wazima wawili sokoni, kila mmoja aweza kuondoka. Kijana wetu hakuweza kuondoka ila kwa kumwacha punda. Hapo ndipo naona mpaka ulipo: faida itokayo katika ujuzi wangu naweza kuitetea, faida itokayo katika dhiki ya mwenzangu sijui nitaitetea kwa neno gani nikiulizwa.

Na ujuzi wenyewe wahitaji hadhari. Katika miaka ya karibuni walipita katika nchi nyingi za Afrika wanunuzi waliowataka punda kwa wingi, na wauzaji wengi hawakujua kwamba kinachotakwa ni ngozi, ipelekwe China kutengenezwa dawa. Waliouza kwa furaha walikuta baadaye kwamba fedha waliyoipata haitoshi kununua punda mwingine. Mambo yalifika mbali hata Umoja wa Afrika, katika mkutano wa wakuu wa nchi mwezi wa Februari 2024, ukaazimia kuikomesha biashara hiyo barani.

Turudi kwa mzee. Baada ya siku tatu alinijia mwenyewe. Punda yungali hai, na amezaa mara mbili. Alitaka kujua alipe nini. Wanavyuoni wasema aliyedanganywa ana hiari ya kuvunja mauzo au kuyaridhia, lakini mwenye hiari hiyo hayupo. Mzee alisema atenge upungufu wa bei kama ilivyokuwa mwaka 2012. Mimi nilisema bei ya sasa, maana fedha ya mwaka ule si fedha ya leo. Tulikuwa tukibishana, kijana wake akaingia na maji ya kunywa, akasikia, akasema kwa utaratibu kwamba punda amefanya kazi kila siku tangu siku ile, kwa hiyo deni nalo limefanya kazi kila siku. Hatukuendelea kubishana. Nusu nilitoa mimi, kwa jibu nililompa mwuzaji, na mzee hakunikatalia.

Asipopatikana mwenyewe, fedha yaweza kutolewa sadaka kwa niaba yake, na huenda tukafikia hapo. Kwanza yatupasa kumtafuta. Tumesikia kwamba baba yake alielekea upande wa Lindi, na ndugu zetu wawili wa huko wamekubali kuuliza minadani. Wametuandikia mara mbili wakitaka jina lake. Hatuna la kuwajibu. Siku ile hakuna yeyote kati yetu aliyemwuliza.